Hukwe Zawose na Muziki wa Kigogo Bagamoyo

Hukwe Ubi Zawose, mwimbaji na mpigaji wa ilimba na zeze, alizaliwa karibu na Dodoma mwishoni mwa miaka ya 1930 na akafariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Hakuwa mtu wa pwani. Kwao ni Ugogo, nchi kavu ya ng'ombe, mtama na uwele, ambayo misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuweza kuikwepa, ikawa inalipa hongo kwa watemi ili ipite na ipate maji. Uhusiano wa Bagamoyo na Ugogo ni wa zamani, basi, ila muziki ndio uliochelewa kufika baharini.

Kijana wa Kigogo alijifunza muziki nyumbani na malishoni, akiwa nyuma ya ng'ombe. Chombo chenyewe, ilimba, ni sanduku la mti lililofungwa vyuma vilivyofuliwa vikawa bapa, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Ilimba ndogo hubebwa njiani. Kubwa alizopiga Zawose zilikuwa na vyuma zaidi ya 60, na vingi kati ya hivyo havikuguswa kabisa. Vimewekwa ili viitikie vyenyewe jirani zake vinapopigwa. Kwenye sanduku hutobolewa tundu, na juu yake hugandishwa utando wa buibui, ule mweupe anaofunikia mayai yake. Utando huo ndio unaoipa ilimba mvumo wake wa kukwaruza kidogo, na ukichanika fundi hutafuta mwingine kabla hajaendelea. Asiyezoea hudhani chombo kimeharibika. Mgogo asipousikia mvumo huo ndipo anapoona kuna kasoro.

Mpangilio wa sauti za Kigogo nao una mantiki yake. Uzi mmoja ukiguswa polepole katika sehemu mbalimbali hutoa mfululizo wa sauti zinazozaliwa na uzi huo huo, na Wagogo wameujenga uimbaji wao juu ya sehemu ya mfululizo huo, kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa. Ndiyo maana ilimba ya Kigogo haikubaliani na kinanda, na waimbaji wanaopishana sauti huoana bila kuelekezwa na mtu. Zawose alikuwa na koo la kutosha kwa mfumo huo: alishuka hadi kwenye mngurumo wa kifuani, kisha akapanda ghafla hadi sauti nyembamba kama ya mtoto, ndani ya pumzi moja. Zeze nalo, ambalo kwa kawaida huwa na uzi mmoja au mbili, alilipenda likiwa kubwa na lenye nyuzi nyingi.

Kilichomtoa Dodoma ni siasa ya utamaduni. Desemba 1962, Julius Nyerere alipoingia madarakani kama rais wa kwanza wa Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na baadaye serikali ikaunda Kundi la Taifa la Ngoma. Wasanii walikusanywa kutoka mikoani na kulipwa mshahara. Zawose alialikwa na Nyerere mwenyewe aje kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Akawa mtumishi wa taifa, akitumbuiza wageni wa serikali na kuimba sifa za rais, za chama na za Ujamaa. Mpango huo ulikuwa na gharama yake. Ngoma iliyokesha kijijini ilibanwa ikawa ya dakika chache jukwaani, na ya kila kabila ikafuatana na ya jirani yake kama gwaride. Hata hivyo, bila mpango huo huenda ilimba ya Zawose isingesikika nje ya Ugogo.

Kundi lilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 nafasi yake ikachukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Zawose alihamia huko na kufundisha. Kando ya chuo alijenga mji wake mwenyewe, wenye wake, watoto na ndugu kutoka Dodoma, ambamo vyombo vilitengenezwa na nyimbo zikafunzwa kwa kusikia na kuiga. Kwa maoni ya wengi waliomfuatilia, mji huo ulikuwa chuo cha pili, na pengine ndio ulioacha wanafunzi walio imara zaidi.

Sifa za ng'ambo zilikuja haraka kuliko za nyumbani, ambako redio na kumbi zilikuwa za dansi na taarabu. Mwaka 1985 kampuni ya Triple Earth ya London ilitoa albamu ya Tanzania Yetu, ya kundi lililoitwa The Master Musicians of Tanzania. Zilifuata safari na rekodi za Japani, kisha kampuni ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ikatoa albamu ya Chibite mwaka 1996. Baadaye alirekodi Assembly pamoja na mpiga gitaa Michael Brook, kazi iliyomchanganya na mitambo ya studio bila kumtoa kwenye sauti zake. Mwaka 2002 alisafiri na Gabriel Amerika ya Kaskazini akiwa na mpwa wake Charles, aliyefariki mwaka mmoja tu baada yake.

Mwaka huo wa 2002 ukumbi wa maonyesho wa chuo uliteketea kwa moto. Ulijengwa upya, na chuo chenyewe kikageuzwa mwaka 2007 kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Mji wa Zawose nao uliendelea. Mwanawe Msafiri alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017, akiiunganisha ilimba na vyombo vya umeme. Wanawake wa ukoo, ambao kwa miaka mingi walisikika kama waitikiaji tu, walikuja mbele mwaka 2024: Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wakiimba kwa Kigogo na Kiswahili.