Waliokwenda Vitani Wasirudi: Namna ya Kufuata Habari Zao

Katika vijiji vyetu vya kando ya Tanganyika, toka Uvira mpaka Moba, ziko jamaa zinazosema juu ya babu mmoja: «Alikwenda vita ya Tabora, hakurudi.» Maneno hayo yanatosha kwa mazungumzo ya jioni, lakini kwa historia hayatoshi, wala kwa haki ya marehemu. Je, alikufa kweli? Alikufia wapi? Alikuwa askari au mpagazi? Au labda alibaki ng'ambo ya ziwa, akaoa huko na kuzaa watoto ambao ni ndugu zetu, nasi hatuwajui? Na yule aliyeitwa mtoro, nani alithibitisha kwamba alitoroka?

Maswali hayo yanaweza kufuatwa kwa utaratibu. Tena padri na katekista wanayo njia ya kuyafuata ambayo watu wengine hawana.

Kwanza tukumbuke vita yenyewe. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilishambulia Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Mwezi wa Aprili 1916 askari wa Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, waliingia katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi: kikosi cha Molitor kaskazini, kikosi cha Olsen kusini. Kigali ilitwaliwa mwezi wa Mei, Kigoma mwisho wa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, walifika Mahenge. Nyuma ya askari walitembea wapagazi. Wanahistoria hutaja hesabu ya wapagazi 260,000 hivi kwa vita nzima. Maelfu kwa maelfu kati yao walikufa, na waliouawa na kuhara damu, homa ya mapafu, njaa na uchovu ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Askari alikuwa na namba yake ya jeshi. Mpagazi mara nyingi alihesabiwa pamoja na mzigo wake tu. Hata askari mwenyewe, jina lake liliandikwa na mzungu aliyelisikia kwa mara ya kwanza, naye aliliandika kama sikio lake lilivyolipokea. Tena Force Publique ilichanganya makabila kwa makusudi, hasa baada ya maasi ya Luluabourg ya 1895, hata mwana wa ziwa aliweza kutumika mbali sana na kwao. Ndiyo maana Waswahili walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Watu nao ni hivyo hivyo.

Kanisa lilikutana na shida hii zamani, kwa ajili ya ndoa. Mwanamke ambaye mume wake hakurudi hawezi kufunga ndoa nyingine mpaka kifo cha yule mume kijulikane. Basi tarehe 13 Mei 1868 Ofisi Takatifu ya Roma ilitoa maagizo yaitwayo Matrimonii vinculo, yanayoonyesha jinsi ya kuchunguza. Kwanza litafutwe andiko la kweli, liwe la parokia, la hospitali au la jeshi. Likikosekana, watafutwe mashahidi wawili waaminifu waliomjua marehemu na wanaopatana katika habari zao. Wakikosekana hao, asikilizwe shahidi mmoja, kisha waliosikia kwa wengine. Kisha zipimwe dalili: umri wake na afya yake, kama alimpenda mke wake, kama alikuwa akituma barua akanyamaza ghafula, kama alikuwa katika mapigano fulani au alitekwa na adui. Habari inayosemwa na watu wote huja mwisho. Kanuni ya 1707 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inafuata mawazo yale yale: kukosekana kwa mtu peke yake, hata kwa miaka mingi, hakutoshi kusema amekufa.

Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya wajane, lakini unamfaa sana na mwanahistoria. Tuseme mzee mmoja wa Moba anataka habari za babu yake. Afanye nini?

La kwanza, aanze nyumbani. Aandike majina yote ya babu: la utoto, la ubatizo, la utani, na lile la jeshi kama linajulikana. Aandike jina la baba yake, la ukoo, la kijiji na la shefu wa siku zile. Aulize alikwenda pamoja na nani, maana mwenzake aliyerudi pengine alisimulia kifo chake kwa watoto wake. Kama iko medali au karatasi ndani ya sanduku, isomwe vizuri, hata kama ni namba tu.

La pili, aende parokiani. Mpala ilianzishwa 1885, na Kirungu, iliyoitwa Baudouinville, 1893. Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, alipadrishwa pale Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, vita ikiwa bado inaendelea ng'ambo. Basi katika miaka ile mabuku yalikuwa yakiandikwa. Tusitazame buku la marehemu peke yake, kwa kuwa aliyekufa mbali haonekani humo. Tutazame pembeni mwa buku la ubatizo, na zaidi ya yote buku la ndoa. Kama mke wake aliolewa tena kanisani, basi ilimpasa padri kuhakikisha kwanza kwamba mume wa kwanza amekufa. Habari za babu zinaweza kufichwa katika karatasi za bibi.

La tatu, avuke ziwa. Mapadri Weupe walikuwa na misioni pande zote mbili, na kule Karema na Tabora pia walitunza mabuku. Askari aliyebatizwa katika hatari ya kufa, au aliyesimamia ubatizo wa mtoto wa mwenzake, anaweza kuonekana huko. Tena kila nyumba yao iliandika habari za kila siku katika daftari, na maandiko hayo mengi yanatunzwa katika nyumba yao kuu Roma.

La nne, aandike barua Brussels. Karatasi za Wizara ya Makoloni ya zamani, zilizotunzwa kwa muda mrefu na Wizara ya Mambo ya Nje, zimekuwa zikihamishiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Mwenye kuuliza kwa jina peke yake atapata kidogo. Mwenye kutoa namba, kijiji, shefu na mwaka anawasaidia watunzaji kutafuta.

Hali ni afadhali kwa vita ya 1940-1945. Askari wetu walipigana Asosa na Gambela mwezi wa Machi 1941, na huko Saio tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert. Wengine walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina, na hospitali moja ya Kongo ilifika mpaka Burma. Watoto wa watu hao wengi wangali hai. Basi waulizwe sasa, wasije wakaulizwa makaburini.

Neno la mwisho ni juu ya unyofu. Tukiisha kuchunguza, tutumie mojawapo ya maneno matatu: «alikufa», «yaaminika amekufa», au «haijulikani». Tusijaze nafasi tupu kwa kumfurahisha mwenye jamaa. Na neno «mtoro» tusiliandike bila ushahidi: aliyeanguka njiani mgonjwa, asionekane kambini asubuhi, aliweza kuhesabiwa hivyo, na aibu ikabaki juu ya wajukuu wake.

Mabuku yetu mengine yameliwa na mchwa, mengine yaliteketea katika uasi wa 1964 na katika vita vilivyoanza 1996. Yaliyobaki yako mikononi mwetu. Kila katekista achukue daftari moja, aandike majina ya waliokwenda vitani wasirudi katika vijiji vyake, pamoja na jina la aliyempa habari na tarehe aliyoipokea. Kisha nakala moja ibaki parokiani na nyingine ipelekwe kwa askofu. Na tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, wale ambao kifo chao kimejulikana watajwe kwa majina yao.