Bakteria walinzi wa ngozi ya amfibia

Bakteria walinzi wa ngozi ya amfibia ni bakteria wanaoishi katika ute wa ngozi ya vyura na salamanda na kutoa kemikali zinazozuia kuvu kuota. Wanachunguzwa hasa kwa sababu ya kitridiomikosi, ugonjwa unaoletwa na kuvu *Batrachochytrium dendrobatidis*, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1999.

Kuvu hiyo huota katika seli za ngozi zenye keratini. Chura hafyonzi maji tu kwa ngozi yake, bali pia hurekebisha chumvi za mwili. Ngozi ikiharibika, sodiamu na potasiamu hupungua katika damu na mwishowe moyo husimama. Nchini Tanzania kuvu hiyo ilikutwa mwaka 2003 kwenye chura wa Kihansi (*Nectophrynoides asperginis*), idadi yake ilipoporomoka.

Spora zake huogelea majini, kwa hiyo spishi vamizi zinazoweza kubeba kuvu bila kuugua sana ni hatari kwa vyura wenyeji. Mmoja ni *Lithobates catesbeianus*, chura mkubwa wa mashariki ya Amerika Kaskazini aliyesambazwa kwa ajili ya nyama. Mwingine ni *Xenopus laevis* wa kusini mwa Afrika, aliyesafirishwa tangu miaka ya 1930 kwa vipimo vya mimba. Wote wawili sasa wanazaliana porini huko California. Ustahimilivu wao hautokani na bakteria peke yao: ngozi ya *Xenopus laevis* hutoa pia peptidi za kuua vijidudu, ziitwazo magainini, zilizogunduliwa mwaka 1987.

Bakteria mlinzi anayejulikana zaidi ni *Janthinobacterium lividum*, mwenye rangi ya zambarau itokanayo na kemikali ya violaseini. Katika jaribio la maabara lililotangazwa mwaka 2009, vyura wa *Rana muscosa* wa California waliopewa bakteria huyo walipona, ilhali wengi wa waliopewa kuvu tu walikufa.

Tiba hiyohiyo ilishindwa kwa chura wa dhahabu wa Panama (*Atelopus zeteki*). Bakteria waliongezeka kwanza, kisha wakapungua, na vyura wakaanza kufa. Baadaye walijaribiwa bakteria waliochukuliwa kwa vyura wa Panama kwenyewe, nao hawakudumu. Hata hivyo vyura wachache walipona, na ilionekana kwamba hao walikuwa na mchanganyiko tofauti wa bakteria ngozini kabla ya jaribio kuanza.