Mwana wa Kismayo na mfungwa wa Labatan Jirow

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuandika habari za Koyama, Chovai, Chula na Ngumi, habari za madau na nyavu, na za wazee waliokimbia 1991. Leo tunaandika habari ya kesi. Ilisikilizwa Marekani, mfungwa alitoka Hargeisa, na jela yenyewe iko karibu na Baidoa. Kwa hivyo kuna watakaouliza, sasa sisi Wabajuni yatuhusu nini? Yatuhusu. Kwanza, aliyeshtakiwa alizaliwa kwetu, Kismayo. Pili, ndani ya kesi hii kuna jambo ambalo kila mtu hapa kambini analijua: mtu wako akishikwa, ukaenda kumuona, ukaambiwa rudi.

Aliyeshtakiwa ni Mohamed Ali Samantar. Alizaliwa Kismayo mwaka 1931, wakati wa Mtaliano, akaingia jeshini akapanda mpaka kuwa jenerali. Siad Barre alipochukua nchi Oktoba 1969, Samantar akawa mmoja wa wakubwa wa serikali ile. Alikuwa waziri wa ulinzi kwa miaka mingi, akawa makamu wa kwanza wa rais, na kuanzia 1987 mpaka 1990 akawa waziri mkuu. Ni wachache sana waliozaliwa pwani yetu waliofika juu hivyo.

Mfungwa ni Bashe Abdi Yousuf. Mwaka 1981 alikuwa kijana wa Hargeisa, mfanyabiashara. Yeye na wenzake, madaktari, walimu, mainjinia, waliona hospitali ya mji wao imeoza. Hakuna dawa, vyumba vichafu, vitanda vibovu. Hawakungoja serikali. Wakachanga pesa, wakafagia, wakatengeneza kilichoharibika. Yaani walifanya kazi ya kujitolea, hii hii tunayoifanya sisi hapa tukivaa fulana zetu na kushika mifagio. Ndiyo maana tulipoisoma habari yao mara ya kwanza tulikaa kimya kidogo.

Serikali ya Barre haikupenda. Mtu anayefagia hospitali bila kuamrishwa anamwambia kila mgonjwa kwamba mwenye kazi ya kufagia halali kwa sababu ya uchovu, analala kwa sababu hajali. Mwisho wa 1981 wakaanza kukamatwa mmoja mmoja. Waliambiwa wameunda chama cha siri na kusambaza karatasi zilizoitwa Uffo. Kwa Kisomali uffo ni ule upepo unaotangulia mvua. Mabaharia wetu wanaujua vizuri, ukiusikia usoni unashusha tanga.

Bashe aliteswa. Katika kesi alieleza namna waliyoiita Mig, kwa jina la ndege ya kivita: mikono na miguu inafungwa pamoja nyuma ya mgongo, mwili unapinda kama ndege, kisha mgongoni unawekwa mzigo. Alieleza pia umeme na maji. Hatutaki kukaa sana hapo, kwa sababu baadhi yenu mmeyaona kwa macho yenu na hamhitaji kuelezwa.

Tunataka kukaa kwenye mlango wa jela.

Tarehe 20 Februari 1982 ndiyo siku kesi yao ilipoletwa mbele ya mahakama ya usalama wa taifa, hapo hapo Hargeisa. Wanafunzi waliposikia walimu wao wanahukumiwa, wakatoka mashuleni. Walirusha mawe, ndiyo, hilo hatulifichi. Lakini walikuwa watoto wa shule na waliokuwa ndani walikuwa walimu wao na madaktari wao. Wakajibiwa kwa risasi, na kuna waliokufa. Mji mzima ulitaka kujua watu wake wako wapi na wamekuwaje, na jibu la serikali likawa lile. Mwezi uliofuata hukumu zikatoka. Wengine walipewa kifungo cha maisha, wengine miaka mingi. Bashe alipewa miaka 20.

Kisha wakahamishiwa Labatan Jirow. Tazameni ramani. Hargeisa iko kaskazini kabisa, na jela hiyo iko kusini, upande wa Baidoa. Ni safari ambayo mama wa mtu hawezi kuifanya na chakula mkononi, na hata angefika asingefunguliwa. Hakuna ziara, hakuna barua. Kila mmoja aliwekwa chumba cha peke yake, na kuongea na wa chumba cha pili kulikatazwa. Bashe alikaa hivyo zaidi ya miaka sita.

Watu wengi wakisikia habari za jela wanauliza kuhusu kipigo, na la kutembelewa wanalichukulia kama jambo dogo, kama kukosa sukari kwenye chai. Sisi tunaona sivyo. Askari anayejua kwamba Ijumaa mama atakuja, atamuona mwanawe, atauliza hilo jeraha limetoka wapi, askari huyo mkono wake unasita. Mlango ukishafungwa hakuna wa kuuliza. Kwanza wanaondoa macho, ndipo mengine yanafuata. Na nyumbani nako watu hawajui wasome hitma au waendelee kungoja. Mke hajui ni mjane au si mjane. Hiyo ni adhabu ya pili, na inapewa mtu ambaye hakushtakiwa na chochote.

Wafungwa wale walijitafutia namna ya kutembeleana. Daktari Adan Yusuf Abokor alikuwa chumba kimoja, na mwenzake Mohamed Baruud Ali chumba cha pili, ukuta katikati. Baruud usiku alikuwa anashikwa na hofu kubwa, akili inataka kumtoka. Daktari akabuni alfabeti ya kugonga ukuta. Baadaye akaruhusiwa kupata vitabu, na kimoja kilikuwa Anna Karenina, riwaya ya Mrusi Tolstoy, kitabu kinene cha mamia ya kurasa. Akakigonga ukutani herufi kwa herufi mpaka mwenzake akakisikia chote. Hebu jaribuni kugonga jina lenu tu kwenye bati, muone mkono utakavyochoka.

Na sheria ilikuwa wapi? Sheria ilikuwepo, iling'olewa. Somalia ilipopata uhuru 1960, katiba yake ilimpa mtu aliyeshikwa haki ya kupelekwa mbele ya hakimu, ili serikali ieleze kwa nini imemshika. Mwaka 1970 serikali ya kijeshi ilitoa Sheria ya Usalama wa Taifa, namba 54, yenye makosa mengi ambayo adhabu yake ilikuwa kifo, na mwaka huo huo ikafuta haki ile ya kwenda kwa hakimu. Baada ya hapo mfungwa hakuwa na mahali pa kulalamika. Nani angeshtaki jela, na mbele ya nani?

Walitolewa 1989. Bashe akaenda Marekani, akapata uraia wa huko. Serikali ya Barre ikaanguka Januari 1991 na wakubwa wake wakatawanyika kama sisi tulivyotawanyika, tofauti ni kwamba wao hawakupitia Liboi kwa miguu. Samantar alipita Italia, na mwisho akafika Virginia, akakaa Fairfax na familia yake. Basi mfungwa na mkubwa wa jeshi wakawa wanaishi nchi moja, kila mmoja anakwenda dukani kununua mkate.

Mwaka 2004 Bashe na wenzake wakafungua kesi ya madai dhidi yake katika mahakama ya shirikisho Virginia. Waliwasaidiwa na mawakili wa Center for Justice and Accountability, kituo cha haki kilichoko San Francisco. Miongoni mwa wenzake walikuwemo watu waliopoteza baba au ndugu katika mauaji ya kaskazini. Sheria waliyoishika ni ya Marekani ya kulinda waliofanyiwa mateso, ya mwaka 1991. Hawakusema kwamba Samantar alikamata kamba kwa mkono wake. Walisema waliofanya walikuwa chini ya amri yake, alijua au alipaswa kujua, na hakuzuia wala hakuadhibu. Samantar alikana.

Utetezi wake wa kwanza haukuhusu mateso kabisa. Ulikuwa huu: mimi nilikuwa serikali, na serikali ya nchi nyingine haishtakiwi hapa. Aliegemea sheria ya Marekani ya 1976 inayozipa dola za kigeni kinga. Mwaka 2007 jaji Leonie Brinkema akakubaliana naye na kuitupa kesi. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikairudisha. Ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na tarehe 1 Juni 2010 majaji wote tisa walikubaliana kwamba sheria ile ya 1976 inalinda dola, haimlindi mtu mmoja mmoja aliyekuwa afisa wa dola. Jaji John Paul Stevens ndiye aliyeandika hukumu.

Tuseme ukweli, hapo bado hakuna aliyeshinda. Ilibaki kinga nyingine, ile ya desturi za mataifa, na mwaka 2011 serikali ya Marekani ikaiambia mahakama kwamba Samantar hastahili hiyo nayo. Ikapangwa siku ya kesi, Februari 2012. Ilipofika, Samantar alikuwa tayari ameomba kutambuliwa kuwa amefilisika, na akakubali kuwajibishwa bila kuendelea kujitetea, huku akikana kuwa alitenda maovu. Ndipo mlalamikaji akapata nafasi ya kusema mbele ya jaji, hadharani, kilichofanyika mahali ambapo hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuingia. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu akamatwe. Agosti 2012 jaji akaamuru walipwe dola milioni 21.

Kuna mwingine pia, Abukar Hassan Ahmed, profesa wa sheria ya katiba Mogadishu. Alimshtaki Abdi Aden Magan, kanali wa idara ya usalama aliyekuwa akiishi Ohio. Fikirini, mtu aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi katiba, akashikwa na watu wasioitambua katiba, akangoja zaidi ya miaka 20 apate mahakama. Naye alishinda.

Sasa turudi karibu. Tunaishi Kenya, na Kenya ina maandishi mazuri. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake, isipokuwa zile zisizowezekana kwa sababu ya kufungwa, na anaweza kuomba aletwe mbele ya hakimu, ile haki iliyofutwa Somalia 1970. Mwaka 2014 bunge likapitisha sheria kamili ya watu walionyimwa uhuru. Lakini Aprili ya mwaka huo huo, katika ile operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa Nairobi na wengi wakawekwa uwanja wa Kasarani. Ndugu zao walisimama nje ya geti na vyakula na karatasi, hawajui nani yuko ndani. Karatasi na geti vilikuwa nchi moja, mwaka mmoja.

Umoja wa Mataifa nao ulipitisha Desemba 2015 kanuni zinazoitwa za Nelson Mandela. Zinasema kumweka mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo ni marufuku. Zinasema kumkataza mfungwa kuwasiliana na familia yake kusitumike kama adhabu ya jela. Na zinasema mfungwa akilalamika asilipiziwe kisasi. Linganisheni siku 15 na miaka sita.

Kwa hivyo wanaotuuliza kwenye kikundi, "Mtu wetu ameshikwa kwa kukosa karatasi ya kutoka kambini, tufanye nini?", tunawajibu hivi. Nendeni siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Ulizeni yuko kituo gani na ameandikwa kosa gani. Andikeni saa mliyofika na mliyoambiwa, na mkirudishwa andikeni mmerudishwa. Kisha mtafuteni wakili wa msaada wa bure mapema.

Samantar alifariki Virginia Agosti 2016. Hakulala jela hata usiku mmoja kwa kesi hii, kwa sababu ilikuwa ya madai, na kesi ya madai haimfungi mtu. Wazee wa Kismayo wanaomkumbuka akiwa kijana, kama bado mpo kambini, kikundi kingependa kuwasikia. Njooni baada ya Alasiri, tutarekodi kwa simu.