Cheo cha Kampuni na Maji ya Mlima: Upimaji wa Uendelevu Ukitazamwa kutoka Meru na Embu

Utangulizi

Mwaka 2002 British American Tobacco iliingizwa katika fahirisi ya uendelevu ya Dow Jones, ikawa kampuni ya kwanza ya tumbaku kupata nafasi hiyo. Fahirisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1999 kwa utaratibu wa kugawa kampuni kwa sekta, kisha kuchagua zinazotangulia ndani ya kila sekta. Mtengenezaji wa sigara hupimwa dhidi ya watengenezaji wa sigara wenzake, na anayewapita huhesabiwa kuwa kinara wa uendelevu. Mwaka 2001, mjini London, FTSE nayo ilianzisha fahirisi yake, FTSE4Good, na tangu mwanzo ikawafungia mlango watengenezaji wote wa tumbaku. Kampuni ile ile, katika miaka ile ile, ilikuwa mfano wa kuigwa kwa mpimaji mmoja, na kwa mwingine haikustahili hata kupimwa.

Jambo hili haliko mbali na Mlima Kenya. BAT Kenya, kampuni tanzu ya British American Tobacco, imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na kwa miongo kadhaa imenunua tumbaku ya wakulima wa mkataba, wakiwemo wa nyanda za chini za Embu na Meru. Tumbaku inayokaushwa kwa joto la moto hudai kuni, na kuni hudai miti. Kwa hiyo alama zinazotolewa na wapimaji wa ng'ambo zinaihusu pia ardhi ya Mbeere, katika nyanda hizo za Embu. Makala haya yanauliza zinaihusu kwa namna gani. Hoja yangu ni kwamba cheo cha uendelevu kinachopewa kampuni nzima hakithibitishi lolote kuhusu mahali fulani mpaka kiunganishwe na udongo na maji ya mahali hapo, na kwamba kwa kaunti kama Meru na Embu kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa bonde la mto, ambamo kampuni za sekta mbalimbali hukutana zitake zisitake.

Alama zinapima nini?

Ugomvi baina ya wapimaji umechunguzwa kitaalamu. Mwaka 2022 Florian Berg, Julian Kölbel na Roberto Rigobon walichapisha uchambuzi wa alama za wapimaji sita mashuhuri. Uwiano wa alama hizo ulikuwa 0.54 kwa wastani, ukianzia 0.38 hadi 0.71, ilhali wapimaji wa uwezo wa kulipa madeni hukubaliana kwa kiwango kinachozidi 0.9. Watafiti hao waliugawa ugomvi katika mafungu matatu: namna ya kupima jambo moja (asilimia 56), mambo yanayochaguliwa kupimwa (asilimia 38) na uzito unaopewa kila jambo (asilimia 6). Matokeo hayo yanashangaza. Tungetarajia wapimaji watofautiane kuhusu lipi ni muhimu zaidi, hewa au haki za wafanyakazi. Kumbe sehemu kubwa ya tofauti inatokana na jambo ambalo wote wamekubali kulipima, ila kila mmoja amelisoma kwa kipimo chake. Mmoja akitaka kujua hali ya wafanyakazi huhesabu kesi zilizofikishwa mahakamani. Mwingine hutazama kama kampuni ina sera iliyoandikwa.

Ni rahisi kuona kwa nini sera hupendwa na wapimaji. Inapatikana mtandaoni, imeandikwa kwa Kiingereza, na haihitaji mtu kusafiri hadi Ishiara, huko Mbeere. Lakini sera huandikwa na kampuni yenyewe, na mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitupilia mbali rufaa ya BAT Kenya dhidi ya Kanuni za Udhibiti wa Tumbaku za 2014, ambazo miongoni mwa masharti yake ziliitaka sekta hiyo ichangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zake kwa ajili ya madhara ya tumbaku. Kampuni ilikuwa na haki ya kwenda mahakamani. Swali la mtafiti ni jingine: je, mfumo wa alama unaozithamini sera za kampuni kuhusu jamii unaweza kuisajili pia kesi hiyo kama sehemu ya mwenendo wake, au kesi hubaki katika kumbukumbu za mahakama na sera katika ripoti ya mwaka? Waendeshaji wa fahirisi ya Dow Jones wenyewe walibadilisha jina lake mwaka 2025, wakaondoa neno la uendelevu na kuweka lile linalomaanisha bora katika kundi lake. Ni jina la kweli zaidi. Kuwa bora katika kundi hakusemi kama kundi lenyewe linafaa.

Kenya nayo imeingia katika mkondo huu. Novemba 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa kuripoti masuala ya mazingira, jamii na utawala, ulioandaliwa kwa ushirikiano na GRI, shirika la kimataifa la viwango vya kuripoti uendelevu. Juni 2023 zikatoka kanuni za kimataifa za IFRS S1 na S2, na taasisi ya wahasibu wa Kenya, ICPAK, ikachora ratiba inayozitaka kampuni zenye maslahi ya umma zianze kuzifuata kwa lazima mwaka 2027. Mifumo hii miwili haiulizi swali moja. GRI huuliza kampuni inaifanyia nini dunia. Kanuni za IFRS huuliza dunia inaweza kuifanyia nini kampuni, yaani ni hatari zipi zinaweza kugusa faida ya mwekezaji. Mto ukikauka na kampuni ikakosa maji, mfumo wa pili utaandika. Mto ukikauka kwa wanakijiji walio chini ya kampuni huku kampuni yenyewe ikiwa na bwawa lake limejaa, mfumo huo unaweza kunyamaza.

Mteremko mmoja, sekta nyingi

Tuutazame sasa mteremko wenyewe. Chini ya msitu wa Mlima Kenya upo ukanda wa chai: viwanda vya Mungania na Rukuriri upande wa Embu, Imenti, Githongo, Kionyo, Michimikuru, Kiegoi na Igembe upande wa Meru. Chini yake ni kahawa, kisha mahindi na maharagwe, na chini zaidi, Mbeere, ni nchi ya mtama, tumbaku na muguka. Mito kama Rupingazi, Thuci, Ena na Kathita hupita katika kanda hizo hadi Tana. Kaskazini, huko Timau, yapo mashamba makubwa ya maua na mboga za kuuzwa nje, ambayo maji yake huelekea bonde la Ewaso Ng'iro.

Viwanda vya chai vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, ni mali ya wakulima wadogo, ambao nchini kote wanazidi 600,000. KTDA ilibinafsishwa mwaka 2000, lakini haiuzwi katika soko la hisa, kwa hiyo haimo katika orodha yoyote ya wawekezaji. Hata hivyo hakuna kampuni inayogusa ardhi ya juu ya Meru na Embu kuliko hiyo. Majani mabichi hukaushwa kwa mvuke, na mvuke hutoka katika matanuri yanayokula kuni, kama tumbaku ya Mbeere inavyokula. Viwanda vimepanda mikaratusi yao kwa ajili hiyo, vimepata cheti cha Rainforest Alliance, na Imenti hata ina mtambo mdogo wa umeme wa maji unaouza ziada kwa gridi ya taifa. Ukizilinganisha kuni za chai na kuni za tumbaku kwenye mteremko mmoja utapata swali la maana sana kwa msitu. Hakuna orodha ya dunia inayoweza kuliuliza, kwa sababu moja ni sekta ya chakula, nyingine ni sekta ya tumbaku, na sekta hazilinganishwi.

Mtama una funzo lake. Mwaka 2004 kampuni ya bia ya EABL ilileta Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyopewa unafuu wa ushuru ili kuwavuta wanywaji waache pombe haramu. Baadaye ilianza kutengenezwa kwa mtama, na wakulima wa Mbeere, Tharaka na Meru wakahimizwa kupanda aina ya gadam inayostahimili ukame. Katika ripoti yoyote ya uendelevu hii ni habari njema: zao linaloendana na tabianchi, soko la uhakika, mkulima mdogo aliyeunganishwa na kiwanda. Mwaka 2013 serikali ikaweka ushuru wa asilimia 50, mauzo ya bia hiyo yakaporomoka, na mahitaji ya mtama yakaporomoka nayo. Unafuu uliporejeshwa mwaka 2015 kiwanda kilianza tena kununua. Kampuni ilikuwa na bidhaa nyingine za kuuza katika miaka hiyo miwili. Mkulima aliyekuwa amelima ekari zake zote kwa mtama hakuwa na kingine. Tukiandika kwamba kampuni inanunua malighafi nchini bila kueleza nani hubeba hasara soko likifungwa, tumeandika nusu ya habari.

Mwishoni mwa mteremko maji hukutana na mabwawa ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988) ni mabwawa yaliyopangwa ngazi kwa ngazi katika mto Tana, na Gitaru, wenye megawati 225, ndio mtambo mkubwa kuliko yote ya umeme wa maji nchini. Kwa kipimo cha hewa ya ukaa, KenGen hustahili sifa. Lakini Masinga hujaa tope linaloshuka kutoka mashamba ya juu, na watu waliohamishwa kupisha Kiambere walipoteza ardhi yao kabla ya neno uendelevu kuingia katika ripoti za kampuni. Alama ya mwaka huu haina safu ya deni la miaka ya 1980. Na tope nalo halina mwenyewe: ni matokeo ya wakulima, viwanda, barabara na misitu iliyokatwa, na hakuna kampuni moja inayoweza kudaiwa lote. Hapo ndipo upimaji wa kampuni moja moja hufikia mwisho wake.

Vipimo vinavyoanzia ardhini

Upimaji wa aina nyingine upo tayari katika kaunti hizi. Mpango wa TIST, ulioanza Mpwapwa nchini Tanzania mwaka 1999 na baadaye kuenea Meru, huwaweka wakulima katika vikundi vidogo vinavyopanda miti, kisha miti huhesabiwa na vigogo kupimwa huko huko shambani. Mkulima hulipwa senti mbili za dola kwa kila mti ulio hai kwa mwaka, na huahidiwa asilimia 70 ya faida ya mauzo ya hewa ya ukaa. Malipo ni madogo, na sifa ya mwisho humwendea mnunuzi wa mbali anayefuta hesabu yake ya moshi. Hata hivyo TIST inabatilisha dai kwamba taarifa za shambani ni ghali mno kukusanywa.

Mfano wa pili uko Timau. Sheria ya Maji ya 2002 ilivipa nafasi vyama vya watumiaji wa maji, na chama cha mto Ngusishi kimewaketisha pamoja wenye mashamba makubwa ya maua na wakulima wa vishamba. Kanuni za maji za 2007 zilimtaka mwenye kumwagilia ahifadhi maji ya mafuriko ya kutosha siku 90, ili mtiririko wa kiangazi uachiwe matumizi ya nyumbani na mto wenyewe. Cheti cha biashara ya haki kwenye shada la maua huko Ulaya kinaeleza habari za shamba moja. Chama cha Ngusishi kinaweza kueleza kama mto ulifika chini mwezi wa Februari.

Pingamizi na jibu

Mtetezi wa orodha atasema kwamba bila alama za kulinganisha tutabaki na ripoti za kujisifu, na kwamba mwekezaji wa Nairobi au London hawezi kusoma kumbukumbu za kila chama cha mto. Pingamizi hili lina uzito. Fahirisi, kwa kasoro zake zote, zimezilazimisha kampuni kutoa takwimu ambazo zamani zilifichwa. Lakini mwekezaji anayekubali uwiano wa 0.54 tayari anafanya kazi gizani. Mwaka 2022 Tesla iliondolewa katika fahirisi ya S&P 500 ya mazingira, jamii na utawala huku ExxonMobil ikibaki, na kila upande ulikuwa na hoja zake za kanuni. Taarifa za bonde la mto hazitaondoa haja ya kulinganisha. Zitakipa kilinganishwacho mwili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya 2027, Soko la Hisa la Nairobi liitake kila kampuni iliyoorodheshwa itenganishe taarifa zake za maji, kuni na ardhi kwa bonde la mto, badala ya jumla moja ya nchi nzima. Pili, serikali za kaunti za Meru na Embu, ambazo kila miaka mitano huandika mipango yao ya maendeleo kwa kushirikisha wananchi, ziweke katika mipango hiyo hesabu ya pamoja ya kuni na maji ya watumiaji wakubwa wote, wawe wameorodheshwa sokoni au la. KTDA na mashamba ya maua yasiachwe nje kwa sababu tu hisa zao haziuzwi. Tatu, pale kampuni itakapokataa, wananchi watumie Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, ambacho kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa mtu mwingine, si serikali peke yake, zinapohitajika kulinda haki. Na Kifungu cha 42 kinaitaja haki ya mazingira safi.

Vipimo vya aina hiyo huenda vikaipa kampuni yenye cheo kikubwa alama ndogo huko Mbeere, na kuipa kampuni isiyojulikana sokoni alama kubwa huko Timau. Matokeo kama hayo yatakuwa ushahidi kwamba tumeanza kupima kile ambacho neno uendelevu liliahidi kupima. Mpaka hapo, kampuni inayotangaza cheo chake cha dunia mbele ya wakazi wa Embu inadaiwa kwanza hesabu ya mto wao.