Njaa Imezimwa, Sasa Utakula Nini?

Wasee, dawa za kuzima njaa hazikuanza na Ozempic. Miaka ya 50 na 60, Wamarekani walikuwa wanameza amfetamini ndio wakonde. Njaa iliisha kweli, lakini wengi walibaki na uraibu. Miaka ya 90 ikaja fen-phen. Ikapendwa sana, kisha 1997 fenfluramine, nusu ya mchanganyiko huo, ikaondolewa sokoni kwa kuharibu vali za moyo.

Hizi za sasa zina asili tofauti. Mwaka wa 1992, Dkt. John Eng wa New York aliripoti homoni aliyoipata kwenye sumu ya Gila monster, mjusi wa jangwani. Kutoka hapo ikatengenezwa exenatide, dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani 2005. Semaglutide, iliyo ndani ya Ozempic, ni ya jamii ileile: inachelewesha chakula tumboni na kuambia ubongo umeshiba.

Sasa skiza. Dawa inazima njaa, hailishi mwili. Ukishinda na chai na mandazi mbili siku nzima, utakonda, ndio, lakini misuli pia itaenda.

Kama daktari ndiye amekuandikia, anza na protini: mayai, omena, ndengu, maharagwe. Halafu sukuma na matunda. Ugali uje mwisho. Kula kidogo kidogo, kunywa maji, na upunguze vitu vya mafuta mengi, vinaongeza kichefuchefu.

Waliotutangulia walihesabu kilo peke yake. Wewe angalia sahani pia.