Mafuriko ya ghafla: Onyo la mvua pekee halitoshi

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa nchini hutoa tahadhari panapotarajiwa mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Tahadhari hiyo hutaja eneo pana. Haisemi ni kijito kipi kitakachofurika.

Maji ya mto mkubwa kama Tana huchukua siku kadhaa kutoka nyanda za juu hadi Garissa, hivyo wakazi huweza kuonywa mapema. Mafuriko ya ghafla hayana subira hiyo. Milimita 50 zikinyesha juu ya kilomita moja mraba, hizo ni lita milioni 50, na ardhi ikiwa imekwisha kulowa, sehemu kubwa huporomoka bondeni kwa saa chache tu.

Mnamo Aprili 29, 2024, maji yaliyoua makumi ya watu Mai Mahiu yalikuwa, kwa mujibu wa Serikali, yamekwama kwenye tuta la reli ambalo njia yake ya maji ilizibwa na takataka. Tuta lilipopasuka kabla ya mapambazuko, wengi walikuwa usingizini. Hatari ya namna hiyo haionekani kwa setilaiti wala kwa kipimo cha mvua. Humhitaji mkaguzi anayetembea kwa miguu kabla ya masika kuanza mwezi Machi.