Njia ya Reli na Seva Kuukuu

Msomaji, ikiwa umelelewa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, bila shaka honi ya gari la moshi si ngeni masikioni mwako. Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na reli yenyewe ilifika Nairobi mwaka 1899. Waliojenga waliiwekea upana wa meta moja kamili, kwa kuwa njia nyingi za Bara Hindi zilikuwa za kipimo hicho, na huko ndiko vifaa vingi vilikotoka. Mwaka 2017 ilifunguliwa reli mpya ya kutoka Mombasa, yenye upana wa milimita 1,435. Behewa la zamani, hata liwe zima namna gani, haliwezi kupita juu yake.

Ninalotaka kukueleza ni jambo lilo hilo, ingawa linahusu kompyuta. Tuseme wewe na vijana wenzako wa Buruburu au Kayole mmechanga fedha mnunue seva iliyokwisha kutumika, ili muweke humo masomo ya kusomwa na mtaa mzima. Programu endeshi mtaipata bure, maana Linux ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa na kuirekebisha. Hatari iko katika chuma, na fedha za mchango zikipotea hazipatikani upesi tena.

Linux ilianza mwaka 1991 huko Helsinki, Ufini. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, aliiandika kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe, yenye prosesa ya Intel 80386. Alipowatangazia wenzake habari zake, aliwaonya kwamba huenda isiweze kamwe kutumia diski za aina nyingine, kwani yeye alikuwa na za aina moja tu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Programu endeshi haikijui chombo chochote mpaka mtu akae kitako aandike draiva, yaani maelekezo ya kukiongoza chombo hicho. Viwanda vingine vilieleza waziwazi jinsi vyombo vyao vinavyofanya kazi. Vingine vilificha, vikawaacha waandishi wakipapasa gizani.

Na kilichoingizwa huweza kutolewa. Mwishoni mwa mwaka 2012 waandishi wa Linux waliiondoa ile 80386 yenyewe, wala Torvalds hakuililia. Mwaka 2019 Red Hat Enterprise Linux 8 ilitoka bila draiva za kadi nyingi za zamani za kuongoza diski, kadi za namna ambayo aghalabu hukutwa katika seva za mitumba. Ukiiweka katika seva ya jinsi hiyo, taa zitawaka, feni zitavuma (na seva ina kelele kuliko unavyodhani!), kisha utaambiwa kuwa hakuna diski. Diski imo, tena nzima, lakini haina wa kuifikia. Toleo la 9, la mwaka 2022, lilizikataa na prosesa za zamani pia. Debian iliendelea kuzitambua nyingi za kadi hizo.

Yafaa basi ujue namba. Kila kadi ya PCI huchukua namba mbili, moja ya kiwanda na moja ya chombo. Ya Intel ni 8086, jina la prosesa yake ya mwaka 1978. Programu endeshi huzisoma namba hizo, ikatafuta draiva inayozikubali. Nawe waweza kuzisoma: washa seva kwa flashi yenye Linux, uandike amri lspci -nn, kisha ulinganishe namba hizo na orodha ya toleo mnalolikusudia.

Mwombe muuzaji umeme na robo saa kabla ya kuhesabu fedha. Huenda akanuna, maana seva ni nzito na kutafuta kioo ni usumbufu. Mwombe hata hivyo. Ikiwa kadi ya diski tu ndiyo isiyojulikana, mara nyingi yaweza kubadilishwa. Ulizia kwanza bei ya kadi nyingine, ndipo mpatane bei ya seva.